Wasifu wa Bibi Usiishie Mistari Minne

Ndugu zangu wa Kitangari, na ninyi mlioondoka Kitangari mkajenga Masasi, Mtwara, Dar es Salaam na mbali zaidi, naandika kuwaomba jambo moja linalohusu bibi zetu.

Kwenye misiba yetu hufika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Kijana wa ukoo husimama na karatasi iliyoandikwa usiku wa kuamkia mazishi, watu wakanyamaza. Marehemu akiwa mwanamume aliyeajiriwa, karatasi hujaa pande zote mbili: shule alizosoma, mwaka alioajiriwa, vituo alivyohamishiwa, vyeo, kamati, siku aliyostaafu. Akiwa bibi aliyekaribia miaka tisini na hakuwahi kuandikwa kazi na mtu yeyote, tunasikia kwamba alizaliwa mwaka fulani hapa hapa wilayani Newala, akaolewa, akajaliwa watoto saba, akasumbuliwa na presha kwa muda mrefu, akafariki. Ameacha wajukuu na vitukuu. Kijana anakunja karatasi. Dakika mbili hazijaisha.

Waliokaa kwenye mikeka wanajua kwamba maisha ya yule mama hayakuingia pale, maana wengi wao walibebwa mgongoni na huyo huyo anayesomewa. Lakini hakuna anayesimama kuongeza, kwa kuwa tumezoea hivyo. Ninachoomba ni kwamba tuuandike upya wasifu wa bibi, tuuandike mapema akiwa hai, na tuuandike kwa maswali yanayomfaa yeye. Karatasi tuliyonayo ina maswali ya ofisini: elimu, ajira, cheo. Mtu ambaye hakupitia huko hana cha kujibu, na asiye na cha kujibu anaonekana kama aliyekaa tu.

Mimi ningeanza na maji. Kwenye uwanda wa Makonde historia yote imepita kwenye maji. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na huko juu hakuna mto wala kijito; maji yanatokeza chini, kingoni na mabondeni. Wazee wetu walikaa juu kwa ajili ya usalama, enzi za misafara ya watumwa na mashambulizi ya karne ya 19, na usalama huo waliulipia wanawake kwa miguu yao. Waliteremka kabla hakujapambazuka, wakapanda jua limeshachomoza, kila siku waliyopewa na Mungu.

Bibi yangu mzaa mama alitueleza jinsi mama yake alivyomfundisha kusokota ngata kwa kipande cha kanga kuukuu, na kuweka majani juu ya maji yasimwagike wakati wa kupanda mlima. Nyumbani maji hayakutumika mara moja. Waliyonawia mikono yalikingwa kwenye beseni, yakamwogesha mtoto miguu, kisha yakaishia kwenye mche wa mpapai nyuma ya jiko. Hadi uzeeni kwake, bomba likiwa uani, hakuna aliyeweza kumwaga maji ya kunawia bila kuulizwa anayapeleka wapi.

Miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma maji kutoka mabondeni kuyapandisha juu. Sisi wa Kitangari tuna sehemu yetu katika jambo hilo, kwa kuwa chanzo cha Mitema kiko kwetu, na watu wa Newala na Tandahimba wamekunywa kutoka bonde letu. Kuanzia miaka ya 1970 Finland nayo ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi kwa muda mrefu. Vitabu vya mradi vinataja pampu, mabomba na matangi. Lakini pampu inapokufa, na imekufa mara nyingi, ni bibi anayejua ni chemchemi ipi haikauki mwezi wa kumi na ni ipi ya kuiacha baada ya Agosti. Ujuzi huo unastahili kusomwa mbele za watu kama unavyosomwa mwaka wa kustaafu. Kamati za maji za vijiji nazo zitafaidika zikiusikia.

Kwa hiyo swali la kwanza: ulipokuwa msichana mliteka wapi, na uliongozana na nani? Jibu la swali hilo peke yake hujaza ukurasa. Litakupa jina la bonde, majina ya rafiki zake, jina la dada aliyemtangulia, na habari ya siku waliyokutana na chui au na mkusanya kodi.

Swali la mwaka wa kuzaliwa liacheni kwanza. Bibi wengi hawaujui, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria. Fanyeni kama makarani wa sensa, ambao hubeba orodha ya matukio ili kumsaidia mzee kujiweka kwenye miaka. Sisi tunayo ya kwetu. Kuna mpango wa karanga wa Nachingwea baada ya Vita Kuu ya Pili, na ile reli iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Kuna Uhuru, Desemba 1961. Kuna vita ya ukombozi ya Msumbiji iliyoanza Septemba 1964, ambapo watu walivuka Ruvuma wakiwa na watoto na vyungu vyao, wengine wakapokelewa na ndugu zao Wamakonde wa upande huu. Kuna kampeni ya kisomo cha watu wazima, kuna Operesheni Vijiji, kuna mwaka ubwiriunga ulipoanza kukausha maua ya mikorosho. Kuna Daraja la Mkapa lililofunguliwa Rufiji mwaka 2003, ambalo kabla yake safari ya Dar es Salaam wakati wa masika ilikuwa ya kuagana na watu. Bibi akikuambia kwamba siku ya Uhuru alikuwa na mtoto wa pili mgongoni, na kwamba aliolewa mara baada ya unyago, umeshapata mwaka wake kwa tofauti ndogo, na umepata mengi zaidi ya mwaka.

Operesheni Vijiji naomba msiiruke. Watu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakasogezwa barabarani, na walioacha minazi, mikorosho na makaburi nyuma wapo bado. Kuna bibi hapa Kitangari wanaoweza kukupeleka hadi penye kichuguu wakasema jiko la mama yao lilikuwa hapa na kaburi la kaka yao ni pale chini ya mkwaju. Wakiondoka bila kuonyesha mtu, pale patakuwa pori tu. Nendeni nao wakiwa bado wanaweza kutembea. Asiyeweza, mchukueni kwa pikipiki polepole, au achore kwa fimbo uani huku mnaandika.

Halafu kuna litawa. Wamakonde tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, kama walivyo majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamwera. Mtoto ni wa litawa la mama yake, na mjomba ana neno juu yake. Lakini fomu ya shule, kitambulisho na cheti vyote vinauliza jina la baba na la babu, na hivyo yule ambaye ukoo mzima umetoka kwake jina lake mara nyingi halimo kwenye karatasi za wajukuu zake. Siwalaumu akina baba, na dini zetu zina utaratibu wake wa ubini ambao tunauheshimu. Nasema tu kwamba kwenye wasifu wa bibi hakuna fomu inayotubana. Anzeni na litawa lake. Mtajeni mama yake, mama wa mama yake, na kurudi nyuma hadi pale kumbukumbu inapokomea. Mtajeni mjomba aliyesimamia ndoa yake. Vijana wa mjini wanaokutana wakapendana bila kujua kwamba ni wa litawa moja wangeshukuru kuwa na karatasi hiyo nyumbani.

Na watoto wahesabuni vizuri. Tunasoma kwamba marehemu ameacha watoto saba. Aliozaa akazika wako wapi? Bibi zetu walijifungua katika miaka ambayo surua na malaria zilichukua watoto kila masika, na hawajawahi kuwasahau; ukimwuliza kwa upole atakutajia kila mmoja na ugonjwa uliomwondoa. Aliyezaa kumi na mmoja akazika wanne amezaa kumi na mmoja, na waandikwe wote kwa majina. Kisha andikeni aliowalea. Mtoto wa binti aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mtoto wa mke mwenza. Mayatima wa miaka ile ya 1990 ambapo UKIMWI ulichukua wazazi, na bibi mwenye miaka sitini akaanza upya kuchemsha uji na kutafuta sare za shule. Hao walilala kwenye mkeka wake na kula kwenye sufuria yake, na wengine leo ni walimu na madereva. Siku ya msiba wanakaa nyuma, kwa kuwa karatasi haiwataji.

Kuhusu kazi nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo tunapowaonea zaidi. Kwenye nafasi ya kazi tunaandika "mkulima", neno moja, tunapita. Mkoa wa Mtwara unajulikana duniani kwa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000, na msimu wa 2017/18 zikazidi 300,000. Kila korosho kati ya hizo iliinamiwa na mtu. Ilidondoka na bibo lake, ikaokotwa, ikatenganishwa na bibo kwa mkono, ikaanikwa, ikachambuliwa, ikatiwa kwenye gunia, ikabebwa hadi ghala la chama. Aliyeinama, kwa sehemu kubwa, ni mwanamke, na jina lililosomwa kwenye orodha ya malipo mara nyingi halikuwa lake.

Tazameni mikono ya bibi aliyebangua korosho za kuuza kwa miaka mingi. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, na anayekaanga kwenye bati lililotobolewa, moshi ukimvukia usoni, hujipaka majivu kabla ya kugonga ganda kwa jiwe, pigo moja la kupasua ganda bila kuvunja kiini. Ncha za vidole hubaki nyeusi wiki nzima, ngozi ikabanduka, ikaota nyingine. Kwa vidole hivyo watu wamesomeshwa hadi vyuo vikuu. Mwulizeni alikuwa akibangua kiasi gani kwa siku, akimwuzia nani, na fedha ya kwanza aliinunulia nini. Mwulizeni pia juu ya miezi ya njaa kabla ya mavuno, walivyokuwa wakiingia msituni kuchimba ming'oko, na walivyojua ni shina lipi lina mzizi na lipi halina. Mwulizeni mbegu za mtama na njugu mawe alizitunza wapi, na nani alimpa mbegu ya kwanza.

Hapa lipo na jambo la sheria. Bibi akieleza ni mikorosho ipi aliipanda kwa mkono wake na mpaka wa shamba ulikuwa wapi, andikeni, lakini msidhani kwamba mmemaliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa jina lake, na njia yake ni hatimiliki ya kimila inayopitia kwa serikali ya kijiji. Wajane wengi wamesumbuliwa juu ya mikorosho waliyoipanda wenyewe. Kama mazungumzo haya yatawafanya wanawe waende kwa mtendaji wa kijiji kushughulikia hati mapema, mzee wetu atakuwa amefaidi akiwa bado anaota jua.

Yapo pia ya kuachwa. Bibi zetu wengi walikuwa makungwi, na ya unyago yana wenyewe. Kwamba alikuwa kungwi, kwamba aliwacheza wasichana wa vijiji fulani, kwamba alisifika kwa kuimba, hayo yasomwe kwa fahari. Yanayosemwa ndani yabaki ndani, na msimrekodi akiimba nyimbo za ndani mkazirusha kwenye makundi ya simu. Vile vile kuna maumivu ambayo mtu hutaka yazikwe naye. Akinyamaza, hamieni swali jingine, na ile kimya iheshimuni.

Huenda mtu akasema kwamba wasifu wa kuandikwa ni wa wakubwa, wa marais na maaskofu. Lugha yetu yenyewe inamjibu. Mmoja wa wasifu maarufu kabisa wa Kiswahili ni ule ambao Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyeanza kwa kuuza vyungu, asiyekaa darasani. Na Mombasa, katika miaka ya 1970, bibi watatu walikaa wakasimulia maisha yao kwa kinasa sauti: Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliyaandika masimulizi hayo, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na baadaye kwa Kiswahili. Humo zimo harusi, ngoma za lelemama, utumwa, talaka, mapishi, mambo ya nyumba zao. Leo mtafiti anayetaka kuijua Mombasa ya zamani anaweza kuanzia kwao.

Na sisi tulikwisha kuandikwa, lakini na wengine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908, na humo wamo wanawake wa uwanda huu wenye ndonya mdomoni na chale usoni, wengi wao hawana majina. Ni bibi za bibi zetu wale. Sasa fungua simu yako uangalie picha za sherehe ya mwaka jana: bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga mpya, wajukuu wamemzunguka, wote wanacheka. Jina lake liko wapi kwenye picha hiyo? Miaka hamsini ijayo nani atamjua? Kazi ya kuandika jina, litawa na mahali chini ya picha ni ya dakika moja, nayo ni bora ianze leo jioni.

Namna ya kuifanya kazi yote si ngumu. Simu ya kawaida inatosha kunasa sauti. Mwacheni aongee Kimakonde, hata kama mnaouliza mnakisikia nusu nusu. Tafsiri itafuata, na mtoto wa shemeji anayekijua atasaidia. Msimkalishe kama shahidi mahakamani. Mketi naye akichambua choroko au akiota jua asubuhi, muulize mawili, mrudi kesho. Bora zaidi mwiteni na somo wake, au wifi yake wa rika moja, kwa sababu wazee wawili hukumbushana na kusahihishana, na mambo yatakayotoka hapo hamtayapata kwa maswali yenu. Kaka zangu, wakati mwingine ondokeni kabisa, mwaachie dada zenu simu.

Wakati wenyewe mnaujua. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inafunguliwa, na kufikia Desemba watu wengi mmerudi nyumbani, wengine kwa malipo ya mashamba, wengine kwa jando na unyago wa watoto. Mnakaa siku kadhaa, mnatengeneza bati, mnalipa madeni, mnaondoka. Katika siku hizo tengeni nyakati mbili tatu za asubuhi kwa kazi hii.

Wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Kitangari, nawaomba nanyi. Mna vijana kutoka pande nyingi za nchi wanaojifunza kufundisha historia na Kiswahili, na nje ya geti lenu wapo watu wenye historia hiyo vinywani mwao. Mwanachuo mmoja akikaa na bibi mmoja, kwa idhini yake na ya familia, akaandika kurasa chache na kuiachia familia nakala, atakuwa mwalimu bora popote atakakopangiwa. Walimu wa shule za msingi, mnaweza kuwatuma watoto wa darasa la sita na swali lile moja la maji. Masheikh, mapadre na makatekista, mnaongoza mazishi ya watu wetu. Tunaomba wasifu wa bibi upewe muda ule ule unaopewa wa mzee aliyekuwa na cheo, na kama muda hautoshi makaburini, usomwe kwenye arobaini, kwenye hitima au baada ya misa, watu wakiwa wametulia.

Karatasi ikikamilika toeni nakala tatu. Moja ibaki kwa binti mkubwa, moja kwa mjomba, moja kwa mjukuu aliye mbali, ili nyumba moja ikiungua au mchwa wakiingia sandukuni isipotee. Cheti cha kifo siku ikifika kifuatilieni pia, kwani misiba mingi ya vijijini huishia kwenye tanga bila kusajiliwa.

Lakini kabla ya nakala hizo, msomeeni mwenyewe. Mwiteni mtoto mwenye sauti nzuri asome polepole, kwa Kimakonde pale inapobidi, watoto na wajukuu wakiwa wamekaa. Atawasahihisha. Atasema bonde lile haliitwi hivyo, au aliyemshonea nguo ya harusi ni mwingine, au kuna mtoto mmemruka. Kalamu iwe mkononi, mrekebishe hapo hapo, mmsomee tena.